Kabla hujaliondoa Tanga gari la baba yako

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni juu yako na wajukuu zangu. Kipupwe kimeingia, kusi inavuma mchana kutwa.

Umeisikia sauti ya injini niliyokurekodia, ukajibu papo hapo kwamba mwisho wa mwezi unakuja kulichukua gari la baba yako, ile Peugeot 504, ulale Singida, kesho yake uingie Mwanza. Furaha yako naielewa. Mimi mwenyewe liliponguruma nilitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. Lakini gari limewaka tu, mwanangu. Kuwaka ni jambo moja na kusafiri ni jambo jingine, na nataka uyajue yaliyo katikati kabla hujakata tiketi ya basi.

Kaka yako alitaka atie betri mpya apige stata siku ileile. Fundi akakataa, na mimi nikasimama upande wa fundi. Injini iliyolala miaka mingi, oili yote imeshateremka chini, pistoni zimebaki kavu ndani ya silinda na huenda zimeshikwa na kutu. Ukiilazimisha kwa stata unaikwaruza, au unavunja ringi. Basi akafungua plagi zote nne, akamimina oili kidogo katika kila silinda, akaiacha ilowe. Baadaye akaizungusha kwa mkono, kwa spana ndefu, polepole, mpaka ikazunguka bila kukwama popote. Petroli ya zamani ilitolewa yote, maana ilikuwa inanuka kama rangi. Tanki likasafishwa, kabureta ikafunguliwa na kuondolewa ule utando unaonata, na kichujio kipya cha plastiki kikafungwa kabla ya pampu ili tuone kwa macho kama kutu bado inatoka tankini. Ndani ya boksi la hewa tulikuta kiota cha panya. Waya nazo walizitafuna, fundi umeme bado anahangaika nazo.

Sasa hebu nikueleze kuhusu breki, maana huko ndiko kuliko na roho zenu.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Na hewa ya Tanga unaijua, hata chumvi mezani haikauki. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki mpaka yapite nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Maana yake ni nini? Unateremka mlima, umekanyaga breki muda mrefu, magurudumu yamepata moto, mafuta yanachemka yanageuka mvuke. Mvuke unabonyea. Pedali inakwenda mpaka chini na gari halisimami. Tena hayo maji ndiyo yanayotia kutu masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, na silinda ndogo za kwenye magurudumu, yakala mipira ya ndani. Zile hozi za mpira nazo ukizitazama kwa nje utasema nzima, kumbe kwa ndani zimevimba, zinapitisha mafuta kwa shida au zinaishika breki isiachie. Ukijaribu gari hapa mtaani kwa mwendo wa bajaji, breki itashika vizuri tu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Nimemwambia fundi abadilishe hozi zote, kila mpira, na mafuta yote, hata kile ambacho yeye anaona bado kinafaa. Fedha uliyotuma kwa ajili ya rangi nimeihamishia huko. Najua ulitaka ulipeleke Mwanza likiwa linang'aa. Rangi itasubiri.

Tairi ulizoziona kwenye picha ni zilezile za baba yako. Kashata zake bado nene kwa sababu alilipandisha juu ya matofali kabla hajaugua, Allah amrehemu, lakini mpira unazeeka hata usipotembea. Pembeni umeshapasukapasuka. Utanunua mpya tano, pamoja na ya akiba, za inchi 14, na kabla hujalipa tazama ubavuni palipoandikwa DOT, zile tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Muuzaji akikwambia ni mpya, wewe soma mwenyewe.

Baba yako alilipenda gari hili kwa sababu ya mashindano ya magari ya Safari Rally, kule Kenya. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya injini ya V6. Alikuwa akiyasimulia hayo kana kwamba aliketi kiti cha abiria. Na ni kweli, gari hili liliumbwa likaweza barabara mbovu, springi zake laini, linameza mashimo. Watu wa mtaani waliokuja kulitazama nao walisema hivyo hivyo, kwamba 504 haifi. Lakini magari yale ya mashindano yalikuwa yanasubiriwa njiani na mafundi na spea. Wewe utakuwa na watoto watatu na mabegi, na kiti cha nyuma hakina hata mkanda mmoja. Mikanda itafungwa, ya kila mtoto, na bolti zishike kwenye chuma kizima. Fundi wa bodi ameshagonga sakafu yote kwa nyundo akitafuta palipooza kwa chumvi ya bahari, akapata chini ya mlango wa dereva na karibu na gurudumu la nyuma kushoto. Anakata na kuchomea bati jipya. Nimemkataza kuziba kwa kupaka lami juu ya kutu.

Kuhusu joto: feni ya 504 si kama ya magari mnayoendesha siku hizi. Ina sumaku ya umeme inayoishika pale tu maji yanapopata moto, na swichi yake ikifa feni haishiki, hata kama injini inachemka. Fundi ameifunga kwa bolti izunguke muda wote. Itakula petroli kidogo zaidi, potelea mbali. Rejeta imefunguliwa na kusafishwa, ilitoka tope jekundu hata nikaogopa. Hedi ya injini hii ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini ikizidiwa na joto inapinda, gasketi inaungua. Kwa hiyo jicho lako liwe kwenye geji ya joto kuliko kwenye spidi. Ikianza kupanda, simama. Usiseme nifike kwanza pale mbele. Na usifungue mfuniko wa rejeta mpaka uweze kuugusa kwa mkono mtupu.

Yakikamilika yote hayo, bado sitakupa ufunguo wa kwenda Mwanza. Tutakwenda kwanza Muheza na kurudi, tununue machungwa, tukague chini kama kuna kinachovuja. Halafu tutakwenda Lushoto. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona na kupanda, nawe unazijua tangu ulipokuwa ukitapika kwenye basi. Likipanda mpaka Soni na kuendelea bila kuchemka, rejeta imefaulu. Likishuka kwa gia ya pili, pedali ikabaki juu na ngumu mpaka tumerudi Mombo, breki zimefaulu. Nitakuwa nimeketi pembeni yako. Hapo ndipo nitakaposema nenda, na nitasema kwa moyo mweupe.

Njia yenyewe ni zaidi ya kilomita 1,000, na siku mbili hazitoshi kwa gari la umri huu. Fanya nne. Toka hapa alfajiri, Segera ukate kulia, ili ile nyika ya Mombo mpaka Same uimalize kabla jua halijawa kali, milima ya Usambara na ya Upare ikiwa mkono wako wa kulia. Ulale Moshi kwa mama mdogo. Siku ya pili Arusha, Makuyuni, mpaka Babati. Ya tatu upite Katesh chini ya Hanang, ulale Singida. Ya nne ndiyo ya mteremko wa Sekenke, kabla ya Igunga: ingiza gia ndogo ungali juu, usisubiri mpaka gari limeshakimbia, na malori yakikupigia honi waache wapite. Kisha Nzega, Shinyanga, na umefika. Usiku usiendeshe. Taa za gari hili hata zikiwa nzima ni hafifu mbele ya ng'ombe mweusi.

Kadi ya gari bado ina jina la baba yako. Kaka yako, kama msimamizi wa mirathi, ana karatasi za mahakama, ila mnatakiwa muende pamoja TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki, nawe utahitaji bima kabla gari halijatoka getini. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka usiihesabu, ilifutwa mwaka 2017, siku hizi tunailipa ndani ya bei ya mafuta.

Spea bado zinapatikana, shukrani kwa jirani zetu. Ufaransa waliacha kuunda 504 za saluni mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuziunganisha miaka mingi baadaye, kwa hiyo Mombasa hakukosi kitu. Mjomba wako anavuka Horohoro wiki ijayo. Nimempa orodha: masta silinda, hozi za breki, gasketi ya hedi ya akiba, pampu ya maji, belti ya feni mbili. Kilichobaki ni plati ya klachi, hiyo iliyopo imegandiana na imeanza kupiga kelele. Ulizia huko Mwanza kwa wale mafundi wa magari ya zamani. Ukiipata, nitumie kwa basi na uandike namba yangu ya simu juu ya boksi, halafu unipigie uniambie ni basi gani na linaingia saa ngapi.

Wabusu wajukuu zangu.

Mama yako