Barua kwa mwanangu Neema, anayesubiri mtihani wa Juni

Dar es Salaam, Machi

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Salamu zako zimefika, na picha tatu ulizonitumia Jumamosi zimefika pia. Nilizifungua dukani, nikazikuza mpaka nikaona alama za kalamu yako, nikahudumia wateja wa zipu na vifungo, nikazirudia. Usiku nikakaa nikanakili kile kifungu cha habari chote kwa mkono kwenye daftari la hesabu za mzigo. Nilitaka kujua macho yako yalipita wapi na yalikwama wapi.

Najua zile alama 103 za Januari zinakuuma. Baba yako ameniambia wiki ile ulikuwa unaacha chakula nusu bakuli. Lakini mkoa wenu wa Zhejiang, huko China, unawapa nafasi mbili za Kiingereza cha mtihani wa kuingia chuo kikuu, Januari na Juni, na inahesabiwa ile alama iliyo kubwa. Kwa hiyo 103 ni zako tayari, hakuna wa kukunyang'anya. Kilichobaki ni kuongeza. Na umeniambia mwenyewe zilikopotelea: kwenye ufahamu. Huko kuna alama 50 kati ya 150, maswali 15 ya vile vifungu vinne na nafasi 5 za kujazwa kwa kuchagua katika sentensi 7, kila moja alama mbili na nusu. Ukiokoa maswali manane tu, umeongeza alama 20. Mimi ni mfanyabiashara, hesabu ya namna hiyo naielewa haraka.

Sasa nataka tukae na sentensi moja. Ni ile uliyoipigia mstari mara mbili:

"The engineers the city had hired to address the flooding left before the rains came."

Juu ya "address" umeandika dizhi, mahali mtu anapokaa. Juu ya "left" umeandika zuo, kushoto. Halafu kati ya "engineers" na "the city" umeweka alama ya kuuliza kubwa, umeikoleza mpaka karatasi karibu itoboke. Swali lilikuwa nani hakuwepo mvua zilipofika, na wewe ukachagua watu wa mji.

Neema, hakuna neno hata moja humo usilolijua. Nimeyapitia yote. "Hire" unalijua, "flooding" unalijua, umeyaandika vizuri kwa Kichina pembeni. Hata "address" na "left" unayajua, ila umeyachukua kwa maana yake nyingine. Kilichokuangusha zaidi ni mpangilio. Kichina kinatanguliza maelezo yote, kinaweka kijineno cha kuunganisha "de", ndipo mwishoni kinamtaja mwenyewe. Unaposema mtu niliyemwona jana unasema wo zuotian kanjian de ren, na huyo "ren" anakuja wa mwisho kabisa. Umezoea hivyo tangu chekechea. Kwa hiyo ulipokuta wahandisi wametajwa kwanza, na mji umesimama nyuma yao bila kitu chochote katikati, ukaona majina mawili yamegongana, ukaanza kubahatisha.

Sasa isome kwa Kiswahili chako: Wahandisi ambao mji ulikuwa umewaajiri kukabili mafuriko waliondoka kabla mvua hazijaanza.

Umeona? Kiswahili kinamtaja mtu kwanza, maelezo yanamfuata nyuma, vilevile kama Kiingereza. Tofauti ni moja tu: Kiingereza mara nyingi kinaificha ile "amba" yetu. Ipo, ila haikuandikwa. Kazi yako ni kuirudisha. Kila ukikuta majina mawili yamebanana bila sababu, chukua penseli, andika "amba" ndogo kati yake, usome upya. Na ile "had hired" ni "ulikuwa umewaajiri", kwa hiyo kuajiriwa kulitangulia kuondoka. Kichina kingekuacha uhangaike na "le" moja, kile kijineno chao cha kitendo kilichokwisha, kwa yote mawili. Kiswahili kimekupa li, na, ta, me tangu ulipokuwa unajifunza kusema umeshiba. (Na sentensi yenyewe, mwanangu, ningesema imeandikwa Jangwani. Masika yakianza kuchanganya, nasi huku tunauliza wahandisi wako wapi.)

Hili nimelibeba moyoni muda mrefu na leo nalisema. Ulipokuwa darasa la tatu, mwaka mlipoanza Kiingereza shuleni, mwalimu mmoja alituita mimi na baba yako. Akasema lugha tatu zitamchanganya mtoto, Kichina lazima, Kiingereza lazima, basi hicho cha mama kiachwe. Alisema kwa upole, na mimi nilikuwa mgeni, Kichina changu kilikuwa cha sokoni, cha kalkuleta na vidole. Nikakubali. Karibu mwaka mzima sikusema nawe Kiswahili. Nilikuwa nakuita kula kwa Kichina kilichovunjika, nawe unanitazama kama mtu aliyebadilishiwa mama. Siku moja ukiwa na homa ukaniambia, "Mama, niimbie ile ya kwetu," nikalia, nikakuimbia, na tangu usiku ule sikuacha tena. Yule mwalimu simchukii. Lakini alikosea, na mimi nilikosea kumsikiliza. Lugha aliyotaka tuiache ndiyo inayokufungulia sentensi hii leo.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba Kiswahili utakirudia baada ya mtihani. Ingia nacho chumba cha mtihani.

Msamiati nao una maneno yake. Kwenye picha ya pili kile kitabu chako cha msamiati kilionekana pembeni kimefungwa, nikaona kingo za kurasa. Za mwanzo zimekuwa nyeusi kwa vidole, halafu ghafla nyeupe mpaka mwisho. Kinaanza na "abandon", kama vitabu vingi vya huko, na baba yako anasema wanafunzi wote wanalijua neno hilo kwa sababu kila wakianza upya wanaanza nalo. Umelisoma mara ngapi? Na je, umewahi kukutana nalo kwenye kifungu chochote, ukalisalimia?

Umeniandikia kwamba unafuata ratiba ya Ebbinghaus, kurudia siku ya 1, ya 2, ya 4, ya 7, ya 15. Kurudia ni kuzuri, sikukatazi. Ila kumbuka yule Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kazi yake mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa silabi alizozitunga makusudi zisiwe na maana yoyote. Ndizo zilizomtoka kichwani upesi namna ile. Maneno yako yana maana, basi yape maana. Ukiyaweka kichwani kama silabi tupu, yatakutoka kama silabi tupu.

Mimi nilipofika Yiwu, ule mji wa soko huko Zhejiang, mara ya kwanza, sikuwa na kitabu. Nilisimama pale soko la Futian kwenye vibanda vya vifungo nikawa nasikiliza. Neno la kwanza nililolielewa bila kuambiwa ni fahuo, kwa sababu kila lilipotamkwa, katoni zilinyanyuliwa. Baadaye nikasikia dinghuo, wakati wa kuandika oda. Nikajua "huo" yao ni mzigo. Hakuna aliyenifundisha, nililiona likifanya kazi. Kisha baba yako, kabla hajawa baba yako, akanichorea lile neno 货, huo, kwenye kadi ya sampuli, akanionyesha chini yake kuna 贝, bei, gamba la kauri, kwa sababu zamani Wachina walinunuliana vitu kwa kauri. Akanionyesha lipo pia kwenye 贵, ghali, na kwenye 费, gharama. Nikamwambia na sisi tunasema bei, na kauri zimejaa Bagamoyo. Ni sadfa tu, bei yetu imetoka kwa Waarabu, lakini sijalisahau neno hilo hata siku moja.

Wewe umekua na macho hayo. Ukiona herufi ya Kichina usiyoijua, unatafuta gamba, unatafuta matone matatu ya maji pembeni, unakisia. Kwa nini ukifika kwenye Kiingereza unayafumba? Nacho kina magamba yake. "Port" ni kubeba: "import", "export", "transport", "portable". Maneno hayo umeyaona kwenye karatasi za kontena zetu tangu ukiwa unakalia katoni na kuchezea gundi. "Spect" ni kutazama: "inspect", kama tunavyokagua mzigo kabla haujafungwa, halafu "spectator", "prospect". Na Kiswahili kinafanya hivyohivyo: soma, msomaji, somo, someka, somesha. Shina moja, watoto wengi. Acha kuorodhesha watoto wakati hujamjua mama yao.

Fanya hivi. Kila siku maneno kumi, si hamsini. Yatoe kwenye kifungu ulichokisoma siku hiyo, usiyatoe kwenye orodha, na uandike sentensi nzima lilimokuwa. "Address" liandike pamoja na "the flooding". Kesho yake ukilirudia, ziba neno, soma sentensi, ulitafute mwenyewe.

Nakuambia haya kwa sababu nimeshasoma bila kuelewa, na najua ladha yake. Sisi shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili miaka saba, halafu kidato cha kwanza mlango ukafungwa nyuma yetu, kila kitu Kiingereza. Nilikuwa naweza kukutajia maana ya fotosinthesisi kwa Kiingereza bila kukosea nukta, kwa sauti, darasa zima tukiitikia. Ungeniuliza jani linafanya nini juani, nisingekuwa na jibu. Niliyajua majibu bila kuyaelewa maswali. Kwenye mtihani swali likibadilishwa neno moja tu, nilikuwa nakaa naitazama karatasi. Sitaki uketi hivyo, Neema.

Kuna mahali pamoja Kiswahili hakitakusaidia, na lazima nikuonye. "He" na "she". Sisi tunasema yeye, anakuja, hatujali ni mwanamume au mwanamke. Kichina nacho mdomoni ni ta na ta, tofauti iko kwenye maandishi tu. Lugha zako zote mbili zinakuacha hapo peke yako. Kile kifungu cha pili ulichokosa maswali mawili ni cha babu na mjukuu wake wa kike, na nimeona ulivyochanganya nani alirudisha barua kwa nani. Ukianza hadithi yoyote, weka rangi mbili: kila "he" na "his" rangi moja, kila "she" na "her" nyingine. Fanya hivyo wiki mbili, baadaye macho yatafanya yenyewe bila rangi.

Zile za saba chagua tano usiziogope, uliniandikia kama kitu cha kutisha. Ni kama kurudisha vifungo kwenye kadi yake: tazama neno la kuunganisha mwanzoni mwa sentensi, "however", "such", "this", uulize "this" hiyo inarejea kitu gani kilichotajwa kabla. Kama hakipo, si mahali pake.

Ukisoma, soma kwa sauti chumbani mkiwa peke yenu. Mwenzako wa bwenini umeniambia anaona aibu. Mwambie nimesema asome nawe. Huko mnaita Kiingereza cha bubu, kinachojua kuandika tu kisijue kutamka, na bubu huyo hata kwenye karatasi anachelewa, kwa sababu sentensi ndefu sikio ndilo linalojua ivunjwe wapi ili upumue.

Bibi yako amepona mguu, anakusalimu, ameuliza kama ubao wa kuhesabu siku bado umetundikwa darasani kwenu. Nimemwambia upo. Akasema atafunga Alhamisi zote kwa ajili yako mpaka Juni, na nimeshindwa kumzuia. Korosho nimempa dada mmoja wa Kariakoo anayepanda ndege wiki ijayo kuja Yiwu kuchukua mzigo, kilo mbili, moja ya nainai wako, bibi yako wa huko. Usizimalize bwenini.

Jumamosi ukirudi nyumbani usilale mapema. Saa nne ya usiku kwako ni saa kumi na moja jioni kwangu, nitakuwa nimefunga duka. Chagua kifungu kimoja kigumu, kile cha mwisho, cha D, kisha unisomee sentensi kwa sentensi kwa Kiingereza, na mimi nitakuuliza kwa Kiswahili: nani, alifanya nini, lini, "amba" iko wapi. Nimeshanunua penseli mbili, yangu na ya akiba.

Mama yako