Mizigo inapimwa getini, chakula cha wagumu je?

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee msosi wa mlimani, maana kila siku tunasoma habari za watalii kupanda Kilimanjaro ila huyu mgumu, yaani mpagazi anayebeba mahema, meza, viti na mitungi ya gesi, anakula nini huko juu hakuna anayeuliza.

Mimi ni mpishi, njia ninayopita sana ni Machame. Jikoni kuna sufuria la wageni na sufuria la wagumu. La wageni halina shida, asubuhi uji, mayai, soseji, wakifika kambini jioni wanakuta bisi na chai ya moto, usiku supu, na asiyekula nyama anapikiwa chake. Shida ipo kwenye hilo la pili. Kuna kampuni zinatoa vizuri kabisa, unga, maharage, dagaa, kabichi, mafuta, mpaka siku ya mwisho hamna anayelala njaa, Mungu awabariki. Lakini kuna nyingine unapewa unga wa siku tatu kwa safari ya siku sita unaambiwa mpishi utajua mwenyewe, basi mtu anakula ugali usiku tu, asubuhi anapandisha mzigo na chai ya rangi tumboni.

Halafu mabosi wa mjini hawajui kupika kule kukoje. Pale kambi ya Barafu, mita kama 4,600, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, maharage utayachemsha mpaka gesi iishe na bado magumu, hata wali unaweka jiwe juu ya mfuniko ndo uive. Kwa hiyo maharage tunayamaliza kambi za chini, huko juu inatakiwa dagaa, nyama, vitu vinavyoiva haraka, na hapo ndo hela inabanwa. Maji yenyewe Barafu hakuna, wagumu wanayateka kambi ya Karanga wanayapandisha na madumu. Yaani mtu kapandisha maji ya supu ya mgeni halafu usiku anaambiwa ugali umeisha! Nimeshamwona baba wa watoto anakula mabaki kwenye sahani za wageni, iliniuma mno.

Ombi langu kwa KINAPA, wenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ni moja. Pale getini mzigo wa mgumu unapimwa usizidi kilo 20, sheria nzuri sana hiyo, sasa mizani hiyohiyo ipime na chakula chao. Watu wangapi, siku ngapi, unga kilo ngapi, na kwa hesabu ya jikoni kwangu ni nusu kilo kwa mtu kwa siku, ukiacha mboga. Kikipungua msafara usivuke geti, Moshi siyo mbali, gari lirudi likanunue. Na wageni waambiwe mapema kabisa wakiwa wanalipia kwamba hela ya chakula cha wagumu imo humo, ili wakifika kambini waulize wenyewe jikoni kumepikwa nini.

Mpishi wa mlimani,
Moshi