Taarifa za ukame zimuulize mfugaji kuhusu usingizi wake

Kwa Mhariri,

Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kuhusu kaunti 23 kame na nusu kame za Kenya, ambamo tunasoma hali ya malisho, afya ya mifugo, kiasi cha maziwa, umbali wa maji, hata mzunguko wa mkono wa mtoto aliye chini ya miaka 5, kipimo cha utapiamlo. Ni kazi njema, na kwa kuwa naithamini naomba iongezwe jambo ambalo sijapata kuliona humo, nalo ni afya ya akili ya mwenye mifugo.

Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa humu nchini. Kwetu kaskazini ng'ombe na ngamia ndio mahari ya kijana, karo ya mtoto na sauti ya mzee barazani, hivyo aliyepoteza kundi hupoteza pia nafasi yake mbele ya watu. Nimewaona wanaume waliozoea kufungua zizi alfajiri wakiendelea kuamka saa ile ile, wakaketi mbele ya ua wa miiba usio na mnyama hata mmoja mpaka jua likawa kali, bila kumsemesha mtu. Usiku hawalali, chakula hawakitaki, na wakifika zahanati hulalamikia kichwa na mgongo, wakapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Wake zao, wanaofuata maji mbali na kuhangaikia chakula cha jioni, hata hawaulizwi.

Wapo wanaodhani kwamba mvua ikirudi huzuni nayo huisha. Mvua za vuli za 2023, zilizochochewa na El Niño, zilileta mafuriko yaliyosomba mbuzi waliosalia, na hata pale nyasi zilipoota, asiye na mfugo alizitazama tu. Naamini huo ndio wakati mgumu kuliko wote, na ndio wakati ambapo malori ya misaada huacha kuja.

Wahudumu wa afya ya jamii tayari hupita nyumba kwa nyumba. Wafunzwe kuuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula na mawazo ya kujitoa uhai, majibu yaingizwe katika taarifa hizo za kila mwezi, na kaunti inapotangazwa kuwa katika hatari, mshauri nasaha atumwe pamoja na chakula cha mifugo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba, kwa hiyo mtu ana sababu ndogo ya kuogopa kujibu. Nawasihi wawakilishi wetu wa wadi watenge fedha za washauri hao kabla bajeti za kaunti hazijapitishwa mwezi Juni.

Msomaji wako,
Isiolo