Old South ya Boston sio chai tu

Mhariri, kila mkiandika kuhusu Old South Meeting House, lile kanisa la zamani la Boston, Marekani, mnarukia ile chai ya 1773 iliyomwagwa baharini na watu waliopinga kodi ya Uingereza, sawa, watu kama 5,000 walijazana pale tarehe 16 Desemba, lakini mbona historia ya kile kiwanja ni ndefu zaidi! Kabla ya jengo la matofali la 1729 palikuwa na kanisa la mbao tangu 1669, baadae wanajeshi wa Uingereza wakang'oa mabenchi ya hilo la matofali wakapafanya pa kuendeshea farasi, kanisani jamani. Na Phillis Wheatley je? Binti aliyetekwa Afrika Magharibi akauzwa utumwani, alibatizwa akawa muumini wa kanisa hilo 1771, na mwaka huohuo wa chai kitabu chake cha mashairi kikatoka London. Mkiandika tena anzeni na huyu dada.