Kwa mtoto wa ami yangu aliyeko Maskati: nduaro yule sikumwachia

Assalaam alaykum.

Nimeisikiliza ile sauti uliyoituma kwenye kundi la ukoo siku ya hitima. Nimeisikiliza mara tatu. Mwanzo wake unalia, na mimi nikalia nawe, wallahi. Kisha ukafika pale mjomba alipotuomba kila mmoja aseme siku moja ya bahari na marehemu asiyoisahau. Ukanyamaza kidogo, ukacheka kwa pua kama kawaida yako, ukaanza: "Siku ile huyu alipomwachia nduaro." Huyu ndiye mimi, na nduaro ni yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki.

Watu zaidi ya 40 wamo mle ndani, yakhe. Wakaanza kutia vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, hitima ya baba yako haijaisha hata kukusanywa sahani. Mke wangu kasoma. Usiku mwanangu, yule wa miaka 11, akaniuliza: "Baba, kwani ulimwachia?"

Ndiyo maana naandika hapa. Nikikupigia simu tutaulizana hali za watoto, tutaulizana joto la huko, mtandao utakatika, na kila mtu atalala na lake. Na wewe ulisema hadharani, basi na mimi nasema hadharani.

Wewe kaskazi ile ya nduaro unaikumbuka kwa siku moja. Mimi ninayo yote. Ninayo alfajiri ya wale samaki sehewa, pale maji yalipochemka mbele ya omo na ndege wakashuka kama mawe, tukavuta mpaka ami akasema basi, chombo kinalia. Ninao usiku wa ngisi, karabai inafuka moshi, na wewe umerukiwa na wino uso mzima, ukaapa hutokula ngisi tena, na asubuhi yake ukala. Ninayo siku tuliyorudi na kolekole 14 tukakuta mnada umekwisha na wachuuzi wameshaondoka, tukagawa nyumba hadi nyumba, na mama yako akasema hiyo ndiyo faida. Ukitaka siku ya kuwahadithia watu, ungechukua mojawapo. Ile ya kolekole marehemu alikuwa akiipenda sana. Alikuwa akiirudia hata ulimi ulipoanza kuwa mzito.

Lakini ukachagua ile ambayo hata chomboni hakuwamo.

Ami alikuwa na homa. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kutuachia mashua wawili peke yetu, na kabla hajatuachia alikaa juu ya gogo pale diko, vyombo vinapopandishwa, kajifunika shuka, akatusomea masharti kama kadhi. Mashine msiilazimishe. Msivue miambani magharibi ya Misali, pale pamefungwa tangu mwaka 1998 kisiwa kilipofanywa hifadhi. Jua likifika pale mrudi. Likabaki sharti la mwisho, hilo alilisema ananitazama mimi. Nitalifikia.

Tukatoka Wesha. Magharibi ya Pemba wakati wa kaskazi ni bwawa, kisiwa kizima kimekukinga upepo. Tulipoipita Misali ukaigiza sauti ya baba yako, ile hadithi ya Nabii Khidhri aliyeomba mswala, akaambiwa hapana, akasema basi kisiwa hiki ndicho mswala wangu, maana kimeelekea kibla. Ulimwigiza mpaka kikohozi. Nilicheka nikaumwa na mbavu. (Juzi tulipomlaza kaburini upande wake wa kulia, kumwelekeza kibla, nikaisikia sauti ile, na ilikuwa yako, si yake. Sijui kama hili ni la kukulaumu au la kukushukuru.)

Tukaenda mpaka maji yakaacha ukijani yakawa wino. Pale ndipo ukingo unapokatika na Mkondo wa Pemba unaanza, mahala pengine mita 800 kwenda chini. Tukatupa mishipi miwili, tukarambaza, yaani kuikokota nyuma ya chombo, polepole. Mimi nimeshika wa kulia, chambo chake kibua mzima tuliyemshona mdomo kwa uzi ili asipasuke majini. Wewe usukani.

Kwanza uliibuka mkuki. Akampiga kibua kama mtu anayeangua embe kwa fimbo, akapotea, nikahesabu moja, mbili, mshipi ukatoka kwenye kibao unachozungushiwa, unapiga mbinja. Aliporuka mara ya kwanza sote wawili tulinyamaza. Miraba ya ubavuni ilikuwa imewaka buluu kama moto wa gesi. Aliruka mara tano. Wewe kwenye sauti yako umesema kumi, na umesema kilo 200. Yakhe, yule alikuwa nduaro wa miraba. Kilo 80 alikuwa nazo, tena namtilia. Na hayakuwa masaa mawili, haikufika hata nusu saa. Samaki huyu anakua kila ukipanda ndege.

Basi nilikuwa naye. Alikwenda chini, nikamrudisha. Akakimbia upande wa bara, nikampa, nikamrudisha. Alipokaribia nililiona jicho lake, kubwa kama kisahani cha kahawa, na nikaliona jina langu diko zima. Akageuka mara ya mwisho. Ukapiga kelele, "Achia! Achia!" Sikuachia. Ukauacha usukani, ukaruka ubao wa kati, ukachukua kisu cha chambo, ukakata.

Kimya kile ndicho kilichonibakia masikioni. Mashine inanguruma lakini kimya.

Tukarudi maji yamekupwa, tukaiacha mashua mbali, tukatembea kwenye tope la mikoko, ndoo tupu. Ngalawa moja ilikuwa karibu na sisi kule nje, walimwona alivyoruka, wakawahi kufika kabla yetu. Diko limejaa watu kama harusi. Ami kasimama na homa yake na shuka lake, akauliza, "Yuko wapi?"

Mimi nimefungua mdomo. Wewe ukawahi: "Kamwachia."

Neno moja. Ungeweza kusema mshipi ulikatika. Ungeweza kusema ndoana ilinyooka, nani angekwenda kuikagua? Ungeweza kusema ukweli, kwamba umekata wewe. Ukasema kamwachia, na watu wakacheka, na ami akautazama mkono wangu uliofungwa kikoi, akatutazama sote wawili, akaenda zake nyumbani kulala.

Mwezi haukupita ukaondoka kwenda Maskati. Mimi nikabaki Wesha na jina. Kwa miaka 18 nikipata samaki wa maana, kuna mtu atapiga ukelele kutoka chombo cha pili: "Mwachie!" Siku ya ndoa yangu, sheikh kamaliza hotuba, mzee mmoja nyuma akasema, "Leo usimwachie," msikiti ukaangua kicheko. Nilicheka na mimi. Ungefanyaje?

Najua utakalojibu, maana si mara ya kwanza kulifikiri. Utasema, "Na mkono wako je?"

Haya. Niliuzungusha mshipi mkononi mara mbili tu. Mara mbili. Mshipi ulikuwa unateleza kwa damu na utelezi wa kibua, na vile vipande vya mpira wa baiskeli vya kuvaa vidoleni vilibaki juu ya gogo, na aliyekuwa na dhamana ya kuvipakia ni wewe. Mvuvi gani hajawahi kuzungusha mara mbili? Na ungeigeuza mashua kumfuata samaki kama tulivyofundishwa, mshipi ungelegea, ningeutoa mwenyewe. Lakini wewe ulikuwa umesimama unatazama anavyoruka, mashine imetiwa gia inakwenda mbele, mimi huku nyuma navutwa na wawili. Hilo hujalisema kwenye sauti yako.

Najua pia kile kikoi ulichokichana kunifunga kilikuwa kipya, cha Sikukuu, na ulikichana kwa meno. Kikoi sikukisahau.

Na sharti la mwisho la ami nalijua. "Mshipi haufungwi mkononi. Nikisikia mtu kaufunga, chombo changu hapandi tena." Ndilo alilolisema akinitazama. Sasa, nimeshafikiri huenda ndiyo maana ukasema vile. Nimefikiri hivyo usiku mmoja, au tuseme siku nyingi. Lakini kama ulitaka kunisetiri ungeniuliza kwanza mimi nataka nini. Ningekwambia bora nifukuzwe. Kufukuzwa kungeisha kwa wiki mbili, ami hakuwa na moyo wa zaidi ya hapo. Jina haliishi.

Nikushauri jambo, japo mimi ndiye mdogo. Hadithi ya bahari usiihadithie ukiwa ndani ya kiyoyozi. Kule chumvi inakuwa nyingi kuliko wali. Ulinieleza mwenyewe kwamba huko Omani nguru hafanyiwi uvuvi kuanzia tarehe 15 Agosti mpaka 15 Oktoba, wapate kuzaa, na ukanisifia sana mpango huo. Na hadithi yangu basi uifungie hata hiyo miezi miwili.

Pesa za hospitali ulituma, sikatai, na kila mtu anajua kwa sababu nimewaambia mimi. Lakini aliyemgeuza usiku ni mimi. Aliyemlisha uji ni mimi. Siku moja, mwezi wa mwisho, baada ya uji, akaushika mkono wangu wa kulia, akavipitia vidole kimoja kimoja mpaka akafika cha kati. Akajaribu kukikunja. Hakikunjiki, unajua. Akajaribu tena, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo. Kisha akaurudisha mkono wangu juu ya shuka, akafumba macho. Hakuuliza kitu. Sikumwambia kitu.

Lile ndilo nililotaka kuliandika kwenye kundi, na wewe ukawahi.

Tuje kwenye mambo ya chombo. Kusi limeanza, vyombo vimepandishwa, na mashua ya baba yako iko juu ya magogo pale pale. Jua limeipasua, mbao za shetri, kule nyuma, zimeachana, unaingiza kidole. Nimeshaagiza pamba na sifa, yale mafuta ya papa, kwa ajili ya kalafati, kuziba nyufa, fundi anasema kazi ya siku nne. Nasikia kuna mtu kakupigia kutaka kununua sehemu yako ya urithi. Usiuze kwa simu. Sisemi hivyo kwa sababu nataka mimi niichukue kwa bei rahisi, maana najua dada yako kakwambia hivyo. Nasema uje uitazame kwanza. Kama utauza, uuze umeigusa.

Na mtoto bado anangoja jibu. Kile kibao cha mshipi ninacho, nimekitundika juu ya mlango wa stoo miaka yote hii, na jana nilikishusha nikamwonyesha ncha. Mshipi uliokatika wenyewe ncha yake hujikunja na kuwa nyeupe. Huu umekatwa wima, kama ukucha. Kakishika akakitazama kwenye mwanga, akaniuliza, "Sasa alikata nani?"

Nimemwambia ami yake mkubwa anakuja kaskazi hii, atamwuliza mwenyewe.