Mmetaja vipimo, saa mmeiacha

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa afya nimeusoma zaidi ya miaka kumi bila kukuandikia neno, hata pale nilipoona kosa, maana makosa mengi ya gazetini hupita bila kumuumiza mtu. Ile makala ya kurasa mbili kuhusu "kuvurugika kwa homoni" inaumiza watu. Unaikumbuka: picha ya mwanamke aliyejishika kichwa, dalili kumi na mbili ambazo kila mtu aliyechoka anazo, kisha ushauri wa kwenda maabara yoyote, saa yoyote, kupima "homoni zote" na kuanza dawa kulingana na majibu. Chini kabisa mkamwambia msomaji kwamba vidonge vya steroidi vinavuruga homoni, hivyo aviache mara moja. Nitaifikia hiyo sentensi.

Hakuna kipimo cha homoni zote. Endokrinolojia, yaani tawi la udaktari linaloshughulikia tezi na homoni zake, lipo kwa sababu namba ya homoni haijisomi yenyewe. Inasomwa pamoja na saa damu ilipochukuliwa, homoni nyingine inayoiamuru, na kila kitu mgonjwa anachomeza. Ukiondoa kimojawapo, majibu yale hayamwambii daktari kitu.

Chukua kortisoli, homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Hupanda alfajiri, hufika juu kabisa karibu na muda wa kuamka, kisha hushuka siku nzima hadi usiku wa manane ikabaki kidogo sana. Damu ya saa 2 asubuhi na damu ya saa 10 jioni zitatoa namba mbili zilizoachana mbali kwa mtu yule yule mwenye afya. Anayetafuta upungufu hupima asubuhi. Anayetafuta ziada huchukua mate karibu na saa 6 usiku, au hukusanya mkojo wa saa 24, au humpa mgonjwa deksamethasoni, dawa ya steroidi inayouambia mwili upunguze kortisoli, miligramu 1 saa 5 usiku na kuchukua damu saa 2 asubuhi inayofuata kuona kama kortisoli imeshuka inavyopaswa. Na mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni ataonekana ana kortisoli nyingi, kwa kuwa estrojeni huongeza protini inayoibeba kwenye damu, ilhali ile iliyo huru, inayofanya kazi, haijaongezeka. Testosteroni ya mwanamume hupimwa kabla ya saa 4 asubuhi, hajala, na hurudiwa siku nyingine kabla mtu hajaambiwa kwamba imepungua. Projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu makala yenu iliandika "siku ya 21" kana kwamba wanawake wote wana mzunguko wa siku 28. Inayotakiwa ni siku ya saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21, huenda yai ndiyo kwanza linatoka, au bado kabisa. Ataambiwa hapevushi yai, alie, apewe dawa za kuchochea mayai ambazo hazihitaji.

Hapa niseme jambo moja lililotokea, ili usidhani haya ni mabishano ya wataalamu. Alikuja kliniki mama mmoja akiwa na majibu kutoka maabara nyingine: TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya shingo, iko chini; T4 huru, homoni ya tezi hiyo yenyewe, iko juu. Kwenye karatasi huo ni ugonjwa wa tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, na tayari alishaanzishwa kabimazoli, dawa ya kuipunguza kasi tezi hiyo, miligramu 20 kwa siku. Amemeza wiki sita. Alipokuja mapigo ya moyo yalikuwa 52 kwa dakika, kope zimevimba, ngozi kavu, sauti imekuwa nzito, na amejifunika shali mbili wakati wengine wanajipepea. Daftari lake la siku ya kwanza lilikuwa limeandikwa wazi: mapigo 78, mikono haitetemeki, shingo haijavimba, uzito haujapungua. Mwili wake ulikuwa umeshakanusha ile karatasi kabla dawa haijaandikwa, wala hakuna aliyeuuliza. Muuguzi akamwomba amwage mezani kila kidonge kilichomo kwenye mkoba. Katikati ya chupa nyingine ikatoka ya vidonge vya nywele na kucha, na kwa maandishi madogo pembeni: bayotini, aina ya vitamini, miligramu 10. Alikuwa ameimeza asubuhi ile ile ya kipimo, saa mbili kabla ya sindano. Mashine nyingi za maabara hutumia bayotini ndani ya kemikali zake kunasia homoni. Ile inayoelea kwenye damu ya mgonjwa ikigombania nafasi hiyo, TSH husomeka chini kuliko ilivyo na T4 husomeka juu kuliko ilivyo. Picha inayotoka ni ya ugonjwa kamili ambao haupo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishatoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2017. Dawa ikaachwa, bayotini ikaachwa, damu ikachukuliwa tena siku tatu baadaye, na TSH ikaonekana imepanda sana, kama inavyopanda kwa mtu ambaye tezi yake imefungwa na dawa. Fomu ya kwanza ya maabara haikuwa na nafasi ya kuandika saa wala dawa. Ilikuwa na nafasi tatu za mihuri.

Kuhusu levothairoksini, kidonge cha homoni kwa mtu ambaye tezi yake ya shingo imelegea, ambayo mlisema "imezwe pamoja na chakula, kisha mtu apime baada ya wiki moja": humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Madini ya chuma na kalisi yakae mbali nayo kwa saa nne, kwani huishika tumboni isifyonzwe. Hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huondoka kwa takriban siku saba, hivyo TSH haitulii kabla ya wiki 6 hadi 8. Anayepima baada ya wiki moja atabadilisha dozi kwa namba ambayo bado inasafiri.

Sasa ile sentensi ya steroidi. Mhariri, watu wanapewa prednisoloni, steroidi inayofanya kazi ya kortisoli mwilini, kwa maumivu ya viungo, kwa pumu, kwa upele, wengine kwenye bahasha isiyo na jina la dawa, na wanaambiwa tu "hizi ni kali, zitakusaidia." Anayeandika dawa hiyo bila kuandika tarehe ya kuanza na mpango wa kuipunguza anafanya kosa kubwa kama lenu, na ningependa aisome barua hii pia. Mtu akimeza miligramu 5 au zaidi kila siku kwa zaidi ya wiki nne, ubongo huacha kuziamuru tezi zilizo juu ya figo, nazo hulala. Akiacha ghafla hana kortisoli ya dawa wala ya mwili. Huanza kizunguzungu, kutapika, tumbo kuuma. Shinikizo la damu hushuka, sukari na chumvi ya damu nazo hushuka, na homa ndogo tu au jino kung'olewa yaweza kumuua. Akifikishwa hospitali katika hali hiyo anahitaji haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, miligramu 100 kwa sindano papo hapo, na lita moja ya maji ya chumvi ndani ya saa ya kwanza, majibu ya maabara yasisubiriwe. Dawa hupunguzwa pole pole kwa usimamizi wa daktari, na kuanzia miligramu 5 kushuka hupunguzwa miligramu 1 tu kwa wiki kadhaa. Akipata homa katikati ya safari hiyo, dozi huongezwa. Na daima atembee na kadi inayosema anatumia steroidi.

Ninachotaka ni vitu viwili. Kila fomu ya maabara ya homoni iwe na visanduku vitatu juu kabisa, kabla hata ya jina: saa damu ilipochukuliwa, saa ya kidonge cha mwisho, na kila kilichomezwa siku tatu zilizopita, vya nywele na kucha vikiwemo. Kisanduku kikiwa kitupu, chupa ya damu irudishwe. Pili, mchapishe masahihisho kwenye ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa kama za kichwa cha makala, na yaanze na ile sentensi ya kuacha steroidi mara moja, kwa kuwa yuko msomaji aliyeitii tangu siku ile.

Mhudumu wa kliniki ya homoni