Shukrani kwa mzee wa vitabu vya mitumba

Shikamoo mzee wangu. Sikuwahi kukuuliza jina, lakini ni wewe uliyeniwekea chini ya meza yako juzuu za Temeraire za Naomi Novik, mfululizo wa riwaya tisa zilizotoka kati ya 2006 na 2016, ambamo vita vya Napoleon vinapiganwa pia angani kwa majoka wenye akili na usemi. Katika ya kwanza nilimlilia Levitas, joka mdogo aliyepuuzwa na nahodha wake, ambaye hata alipokuwa akikata roho bado alimsubiri bwana yuleyule. Hasira yangu kwa nahodha huyo, Rankin, haijaisha, na sidhani kama itaisha.

Ya nne, uliyonikabidhi ukisema tu, “Hii imefika Afrika,” ndiyo iliyoninyima usingizi. Humo Watswana huwaona majoka wao kuwa wahenga waliozaliwa upya, nao huzivamia bandari za pwani kuwadai ndugu zao waliouzwa utumwani. Nilizisoma kurasa hizo kwa fahari na kwa uchungu, kwa kuwa historia yenyewe haikuwapa waliofungwa minyororo jeshi la namna hiyo.

Ulikataa nikuongezee chochote juu ya bei, basi pokea asante hii; na ukiipata ya tano, tafadhali usimpe mtu mwingine.